Siku Nilipoliosha Lori la Baba Mkwe

Kalemie, Jumamosi, alasiri. Mvua ilipiga tangu kulipokucha, sasa imeacha. Maji ya ziwa karibu na ukingo yamekuwa na rangi ya udongo, na bati letu bado linadondosha tone moja moja ndani ya ndoo. Kuna baridi nzuri, ile ya kumfanya mtu atake kukaa karibu na mume wake.

Nimekaa mbali naye kidogo. Naona haya.

Mnaofuata ukurasa huu mnajua kwamba tangu arusi sijaandika jambo lingine ila furaha. Nimeandika namna Donat anavyokunywa chai, namna anavyofunga kamba za viatu, namna anavyoniita "bibi yangu" mbele ya watu sokoni bila kujali nani anacheka. Mume wangu. Bado naandika maneno haya mawili polepole, kama mtoto anayelamba peremende ili isiishe. Leo siwezi kuandika hivyo. Leo nataka kusahihisha yale niliyoyaweka hapa Jumatano pamoja na zile picha mbili za lori, ya kabla na ya baada, ambazo wengi wenu mlizisifu.

Mliniandikia kwamba Donat ana bahati ya kupata mke kama mimi. Nimeyasoma tena leo. Yameniunguza.

Nianze na magari yenyewe, maana wengine wenu ni wageni.

Donat anatengeneza simu katika kibanda karibu na stesheni ya treni. Tulijuana hivyo: simu yangu ilianguka ndani ya beseni la kufulia, nikampelekea, akaifungua kwa kibano chembamba, na mimi nikatazama vidole vyake badala ya kutazama simu. Siku iliyofuata nilirudi na simu nzima nikamwambia imeharibika tena. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Hii simu iko muzima. Ni mwenye simu njo anaugua." Njo yetu ni ndiye au ndiyo ya kwenu.

Juu ya rafu ya kibanda kulikuwa na magari madogo. Nilifikiri anayauza kwa ajili ya watoto. Si ya kuuza, na si ya watoto. Donat anaunda mifano ya magari ya kweli, na anaiunda kwa kipimo. Kila kitu cha gari lenyewe anakigawa kwa ishirini: urefu, upana, gurudumu, hata kile kioo cha pembeni. Akikosa kipimo anakwenda kumwomba dereva ruhusa, anapiga magoti na rula yake barabarani, watu wanamcheka, naye anaandika tu. Mwili wa gari anaukata kwenye bati la makopo ya nyanya na maziwa. Vioo vinatoka kwenye chupa za maji. Magurudumu anayachonga kwenye soli ya kandambili iliyochoka, kisha anayachora meno kwa wembe. Taa ni zile ndogo kabisa za simu zilizokufa, na zinawaka.

Mara nyingine ananunua gari la plastiki, yale yanayoletwa na boti za Kigoma, analivunja lote, analishusha chini, analifungulia milango, analipa usukani unaogeuka. Linakuwa gari jingine ambalo hata waliolitengeneza wasingelitambua.

"Mwanaume mzima na magari," watu husema. Mimi sikuwahi kusema hivyo. Niliyapenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ni yake, kama ninavyopenda shati lake lililotoboka kwapani. Sasa naona kwamba kupenda kitu kwa sababu ni cha mtu si sawa na kukielewa.

Lori ndilo kubwa kuliko yote. Lina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ni lori la baba yake.

Baba mkwe sikumkuta. Alikuwa dereva, akishuka na lori la bluu kutoka Pepa, kule juu Marungu, akileta ng'ombe na maharagwe, na watu waliokaa juu ya maharagwe. Kesho ni misa ya kumkumbuka, na baada ya misa watu watakula hapa kwetu. Donat alitaka lori liwe mezani karibu na picha ya baba, na alitaka mama yake alione, maana mama anaishi Moba na alikuwa ameahidi kuja kwa boti Ijumaa. Alianza kuliunda kabla hajanioa. Hakuna kazi aliyoifanya kwa moyo kama hiyo.

Naye alinipa nafasi ndani ya kazi hiyo. Aliniomba nimshonee turubai la nyuma. Sekondari nilisoma ushonaji, nikamaliza, na sijui kama kuna nguo niliyoishona kwa uangalifu kama kile kitambaa. Nilikipinda pande zote, nikatoboa vitundu vya kamba kwa sindano, nikavizungushia uzi kimoja kimoja mpaka macho yakatoa machozi. Kilikuwa cheupe, kimenyooka. Donat alibusu vidole vyangu. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kutoka hapa mpaka Kigoma.

Kesho yake nilikuta amelitumbukiza turubai ndani ya chai.

Alilikamua, akalisugua kwa masizi ya sufuria, akachana pembe moja na kuishona kwa uzi wa rangi nyingine, vibaya, kwa makusudi. Turubai sisi twaliita bashi, na mume twamwita papa. Nilimwuliza nikicheka, "Papa, bashi yangu ilikukosea nini?" Akacheka naye, akalifunga juu ya lori, akasema, "Sasa njo imekuwa bashi."

Mdomo wangu ulicheka. Moyo haukucheka.

Lori lote alilifanya hivyo. Kwanza alilipaka bluu nzuri, likawa kama limetoka dukani, kisha akakaa majuma akiliharibu. Alichubua rangi kwenye milango. Alipaka kutu kwenye bampa kwa kipande cha sponji. Taa ya kushoto aliikata waya isiwake. Chini ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, na kwenye ngazi za kupandia alipaka udongo mwekundu uliochanganywa na gundi, akiutoa kidogo kidogo ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Watu wa kazi hii, anaowasoma kwenye simu, wanaita kuzeesha. Alinitajia neno hilo mara moja. Nililisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Nafika Jumatano.

Mama mkwe alikuwa anakuja. Mwanamke yeyote aliyeolewa karibuni anajua maana yake. Kwetu, mama wa bwana akiingia mara ya kwanza nyumbani kwa mwanawe, anapitisha kidole juu ya kabati na hasemi kitu, na kidole kile kinakwenda kusimuliwa. Nilifua mapazia. Nilisugua sufuria mpaka chini. Nilipanga viti upya, nikavipanga tena. Nilikuwa naimba.

Kisha nikaliona lori pale kwenye rafu, chafu namna ile, na matope, na kutu, na turubai langu likiwa limekaa juu yake kama kitambaa cha jikoni.

Nililiosha.

Nililipiga picha kwanza, kisha nikachukua maji ya moto na sabuni ya unga. Palipokataa nilitumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Maji yaligeuka mekundu, nikafurahi namna uchafu ulivyokuwa mwingi. Turubai nililifua peke yake, nikalianika, nikalipiga pasi. Pale ambapo rangi ya bluu ilitoka, kwenye madigadi, milango na bampa, nilikumbuka kichupa changu cha rangi ya kucha, nyekundu, kilichobaki tangu arusi. Nilipaka kwa mkono uliotulia kabisa. Lile kopo la mafuta lilikuwa na udongo uliokauka chini. Niliukung'uta nje nilipomwaga maji, nikaliosha kopo, nikatia humo pini na vifungo vyangu. Kisha nikapiga picha ya pili, nikaziweka zote mbili hapa, nikaandika yale niliyoandika: kwamba mapendo ni kumsaidia mwenzako kumaliza alichokianza.

Niseme ukweli wote, maana nusu yake nimeshaisema na haijaniacha nipumue. Sikuliosha kwa ajili ya mama mkwe tu. Nililiosha kwa sababu alikuwa amelichafua turubai langu. Nilitaka mama yake alione likiwa jeupe, aulize nani ameshona.

Donat aliporudi jioni nilimfunika macho kwa mikono yangu, nikamwongoza mpaka mezani, nikafungua.

Alikaa. Alilichukua lori, akaligeuza juu chini. Akapeleka pua karibu na mlango. Akatabasamu. Tabasamu lile niliwaandikia usiku huo kwamba ni la mtu aliyekosa maneno kwa furaha.

"Inang'aa," alisema.

"Unaipenda?"

"Umeifanya kwa mapendo, bibi yangu. Naona." Akaliweka chini. "Maji ulimwaga wapi?"

"Pa migomba."

Alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kwenye shina la mgomba, ameinama, anatazama chini. Alikaa pale kitambo. Mimi nikafikiri ametoka kuficha machozi ya furaha, na nikazidi kumpenda, nikaendelea kuimba huku nikipakua chakula.

Mtu anaoneshwa zawadi, anauliza kuhusu maji. Ningekuwa na akili hata ya kuku ningejiuliza kwa nini.

Mama alifika jana. Ni mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alileta maharagwe na samaki wakavu ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kitenge, akanikumbatia, akaniita "mama", akanibariki pale pale mlangoni kabla hajakanyaga ndani. Kabati hakulitazama. Kidole hakukipitisha popote. Alikaa, akavua viatu, akamwambia Donat, "Nioneshe ile gari."

Nilikuwa naingia na sinia. Bukari, yaani ugali, samaki mikebuka wa kukaanga, na sombe ya majani ya muhogo. Donat aliliweka lori mbele ya mama yake. Mama akalitazama.

"Donat, hii gari ni ya nani?"

"Ya baba, mama."

"Baba gani?"

"Baba yangu."

"Gari ya baba yako haikukuwa safi hivi hata siku aliinunua." Akalisogeza kwa kidole, kama mtu anayesogeza chungwa lililooza. "Na hii nyekundu inatoka wapi? Baba yako alikuwa dereva, hakukuwa bibi arusi."

Donat akacheka kidogo. Mama hakucheka.

"Na ule udongo? Uliniambia ku telefone kama ulikwenda kuukwaruza mu gari yenyewe, mbele wale watu hawajaikata vyuma vya kuuza. Uliniambia ni ule udongo wa Pepa, ulikuwa unakaa pale baba yako alikuwa anaweka miguu. Ukaniambia uliupakaa humu ndani, na kidogo ulibakia mu kopo. Njo nimekuja kuona ule. Uko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Nimesimama na sinia mikononi, ndipo nilipojua nilichokimwaga pa migomba.

Macho ya Donat yalikwenda kwenye rafu, kwenye kopo, na pini zangu ndani yake, kisha yakarudi haraka kama yamegusa jiko. Hakunitazama mimi. Nafikiri aliogopa akinitazama, mama atatazama pia.

"Nilibadilisha mawazo, mama," alisema. "Nilitaka ikuwe mupya. Vile ilikuwa mbele ya safari zote."

"Ulibadilisha mawazo."

"Ndiyo, mama."

"Na kopo? Kopo nayo ilibadilisha mawazo?"

"Kosa ni yangu, mama."

"Muntu anakaa na baba yake miaka yote ile, kisha anamuosha na sabuni, anamumwaga inje." Alisema hivyo bila kupaza sauti, na kwa mwanamke mwenye sauti kama yake ilikuwa mbaya zaidi. "Kesho kutwa wenzake baba yako watakuja, madereva wazee. Watatazama hii kitu. Watasema nini?"

Donat aliinamisha kichwa. Mume wangu, mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake, alipokea maneno yale kama mtoto wa shule ya msingi, na kila neno lilikuwa langu. Mlango ulikuwa wazi kwa mimi kusema. Ilikuwa sentensi fupi. Mama, ni mimi.

Mnajua nilichosema?

Nilisema, "Chakula itapoa."

Nikaweka sinia mezani. Tukala.

Baadaye, tukiosha vyombo nyuma ya nyumba, nilimwuliza Donat kwa nini hakuniambia Jumatano. Alikuwa anafuta sahani ambayo ilikuwa imekauka tayari. Akasema, "Ulikuwa unaimba, bibi yangu. Ningekatiza namna gani?"

Nimeolewa na mtu wa namna hiyo, na nilimwacha asulubiwe mbele ya samaki wa kukaanga.

Hakuniomba niseme. Hakunitazama kwa lawama. Kama angenikemea ningepata mahali pa kushika, ningejitetea, ningelia, tungesameheana. Lakini alikuwa ameubeba mzigo wangu kimya kimya, akauweka begani kwake kana kwamba ni kikapu cha mama tu kutoka bandarini.

Asubuhi hii, mvua ikipiga bati la jiko, nilikuwa natoa matumbo ya samaki na mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Donat alikwenda kibandani. Tulikuwa wawili. Nilifikiri kwamba mvua ikiwa kubwa hivi, huenda nikisema hatasikia vizuri, na nitakuwa nimesema. Mawazo ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Siyafichi.

"Mama," nilisema, "lori niliosha mimi. Donat hakukuwapo. Kopo pia ni mimi."

Hakuinua kichwa. Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Ndiyo," alisema.

"Ulijua?"

"Wewe unavaa sapato ya wazi." Alinyoosha kidevu kuelekea miguu yangu. Nikatazama. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vyekundu, vimetulia pale kwenye matope, rangi ile ile ya madigadi ya lori. "Niliingia mu nyumba, kitu ya kwanza nikaona ni vile vidole. Nikasema, aksanti Mungu, mutoto wangu alioa bibi mwenye kujitunza. Kisha wananiletea gari ya bwana yangu, naona nayo inajitunza."

Sikujua nicheke au nipasuke. Yeye hakuwa anacheka.

"Udongo umekwenda, basi umekwenda," alisema. "Ungekuwa bibi wa kwanza kuosha kitu ya bwana? Mimi nilifua kofia yake ya safari, akakaa siku mbili hasemi na mimi. Si ile njo iliniuma. Jana nilimupiga mutoto wangu na maneno, nikamupiga tena, nikikungojea wewe. Nikasema, sasa atafungua mudomo. Sasa. Ukasema chakula itapoa."

"Nisamehe, mama."

"Na ilipoa kweli," alisema, akaendelea kuchambua.

Nililia juu ya samaki. Hakunibembeleza. Baada ya muda akasukuma ungo upande wangu ili nichambue naye nusu, na nimeamua kuamini kwamba hilo lilikuwa jibu.

Donat aliporudi adhuhuri nilimwambia mbele ya mama yake kwamba nimesema. Nikamwambia na lile la turubai, kwamba niliumia siku ile ya chai na nikajifanya nacheka. Alishangaa kweli. Uso wake ulishuka kama mimi ndiye niliyemshika na kosa.

"Nilifikiri unajua," alisema. "Nilikuona unacheka, nikafikiri unajua."

"Sikujua."

"Muoane kwanza, mujuane nyuma," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Njo vile kwa wote. Leteni ile gari."

Rangi ya kucha inatoka kwa dawa yake, na dawa hiyo ninayo mimi. Donat alizungushia pamba kwenye kijiti, akaanza kufuta taratibu ili isile bluu ya chini. Mama alivuta kiti karibu. Kisha likatokea jambo ambalo hata Donat hakulitegemea: mama akaanza kuonesha. Lori lile alilijua kama anavyojua mgongo wa marehemu.

"Hapa, hii mulango haikukuwa inafunga. Ng'ombe mumoja alipiga teke kule Pepa, akikataa kupanda. Bonyeza. Zaidi. Hapana, ng'ombe, si mbuzi."

Donat akabonyeza bati kwa mpini wa kijiko.

"Hapa juu ya mulango rangi ilikwisha. Alikuwa anaweka mukono hapa, dirisha wazi, hata mu baridi ya Marungu. Hapa ngazi ilipinda, ni mimi. Nilipanda na mimba yako."

"Hukunielezaka hii, mama."

"Uliulizaka?"

Alama nyingine zile Donat hakuzijua kabisa. Mwanzoni alikuwa amezeesha lori kwa kubuni, kwa namna anavyosoma wengine wanavyofanya, na kwa kumbukumbu ya mtoto aliyelitazama kutoka chini. Nilimwona anachubua, anabonyeza, anatazama uso wa mama yake, anachubua tena. Nilitamani kujiambia kwamba basi hata kuosha kwangu kumeleta heri. Nimekataa. Jambo zuri la leo ni la mama, si langu. Bila mimi, Donat angekuwa na alama hizi na udongo pia.

Kwa maana udongo haukuwepo. Tulifika hapo, Donat akaweka kijiko chini. Kopo lilikuwa mezani, nimeshatoa pini, nalo lilikuwa safi mpaka linanuka sabuni.

"Faida," mama aliniita kwa jina langu. "Yale maji ulimwaga wapi?"

Swali lile lile. Safari hii nililisikia.

Nilichukua kijiko, nikatoka. Ardhi ilikuwa imelowa, mvua ya asubuhi ilikuwa imechora vijito vinavyoshuka kuelekea ziwani. Nilichota pale karibu kabisa na shina, juu juu, mahali ambapo maji yangu yalitua. Udongo wetu wa hapa ni wa kahawia. Sijui kama ndani ya kijiko kile mna hata chembe moja nyekundu ya Pepa. Mvua imepita mara ngapi tangu Jumatano sitaki kuhesabu. Nilirudi nimeushika kwa mikono miwili, nikaogopa hata kupumua juu yake.

Donat aliukausha juu ya kifuniko cha sufuria, akauchuja kwa kitambaa, akauchanganya na gundi. Akachovya brashi. Kisha akaigeuza, akanipa mpini.

"Njo wewe," alisema.

Nilipaka ngazi, nikapaka chini ya mlango pale baba alipokuwa anaweka miguu akishuka. Turubai nililitia mwenyewe ndani ya chai. Nilitazama weupe wangu ukienda, na hakuna aliyeniuliza nani alishona, na haikuniuma. Ikaniuma kidogo.

Tulipofika kwenye digadi la kushoto, Donat alichukua pamba afute nyekundu iliyobaki. Mama alimzuia mkono.

"Acha pale."

"Mama, watauliza."

"Waulize. Mwenye kujibu yuko."

Basi lori lipo rafuni sasa, linakauka. Bluu iliyochoka, mlango uliopigwa teke, taa moja, udongo wa mgomba, na digadi moja nyekundu kama ukucha wa arusi. Donat ametandika turubai juu yake, akanitazama kutoka upande ule wa chumba kwa macho yale yaliyonifanya nirudishe simu nzima. Sijamwendea bado. Nilitaka kumaliza hapa kwanza.

Picha za Jumatano sitazifuta. Ziacheni zikae, na mtu akizikuta asome na haya ya leo.

Kesho baada ya misa wazee watakuja, wale waliopanda na kushuka ile barabara pamoja naye. Watalizunguka lori kwanza kabla hata ya kukaa, nawajua madereva. Mmoja wao atainama, atagusa digadi, atauliza nani amelipaka vile. Donat atafungua mdomo ajitwike kosa langu tena, kwa sababu yuko hivyo, kwa sababu ananipenda.

Nimemwomba dada wa jirani apakue chakula. Kesho sitashika sinia.